Mabua Yasichomwe: Mwongozo wa Kuliokoa Konde Lililochoka kwa Mabaki ya Mazao

Mtu anayesimama kwenye daraja la mto Sabaki, pwani ya Kenya, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa za Aprili huyaona maji yakipita chini yake kwa rangi ya chai ya maziwa, na akishuka hadi ufuoni Malindi atakuta bahari yenyewe imegeuka rangi hadi mbali. Sehemu kubwa ya udongo huo imetoka bara, maana mto huu huanza ukiitwa Athi, ukakutana na Tsavo ukawa Galana, na ndipo ukatufikia sisi kwa jina la Sabaki. Hata hivyo si udongo wote ulio mgeni. Makonde ya Jilore, Kakoneni, Langobaya na Marafa nayo hutoa fungu lake kila masika, na fungu hilo ndilo tunaloweza kulizuia wenyewe kwa vitu ambavyo tayari vimelala kondeni baada ya mavuno: mabua ya mahindi na mtama, majani ya mbaazi, magugu makavu, makuti mabovu na makumbi ya nazi.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa ekari moja hadi tano anayelima kwa jembe la mkono, ambaye konde lake limeanza kupungua nguvu. Nasema konde, si shamba, kwa sababu kwetu shamba ni la minazi na miembe, na mabaki ya huko yana kanuni zake ambazo nitazigusa baadaye. Jambo moja nalitanguliza ili msomaji asipotee njiani: mabaki hayatoshi. Katika ukame wetu hakuna mkulima atakayepata mabua ya kulifunika konde zima kwa unene unaoonyeshwa kwenye picha za mafunzo ya kilimo, na anayeyagawa sawasawa kila mahali huishia kutofunika popote. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kuamua mabua machache yakae wapi, na kuhakikisha kwamba yamefika hapo kabla ya tone la kwanza la masika.

Hatua ya kwanza: lisome konde

Uharibifu huanza na tone la mvua lenyewe. Tone likianguka juu ya udongo mtupu huupasua na kuzirusha chembe zake, na ushahidi uko ukutani: itazame nyumba ya udongo baada ya mvua uone jinsi matope yalivyoruka hadi kimo cha goti. Chembe zilizorushwa huziba vinyweleo vya ardhi, ukoko mgumu hufanyika, maji hukosa pa kuingia, yakaanza kutembea, na yakitembea hubeba.

Baada ya mvua nzito ya kwanza, chuchumaa katikati ya konde na utazame karibu. Utaona vijiwe vidogo, vigae au vipande vya makaa vimesimama kila kimoja juu ya kiguzo chake chembamba cha udongo, kama kofia juu ya kichwa. Kijiwe kimeukinga udongo ulio chini yake, na ule uliokizunguka umekwenda zake. Kimo cha kiguzo ndicho kipimo cha udongo ulioondoka tangu ulipolima. Kimo cha sentimita 1 huonekana ni kitu kidogo, lakini sentimita 1 juu ya ekari moja ni mita 40 za ujazo, yaani zaidi ya tani 50, au mizigo saba na ziada ya lori la tani 7. Dalili nyingine hazihitaji kuchuchumaa: mizizi ya mkorosho iliyobaki wazi, mchanga mweupe uliojikusanya kwenye mpaka wa chini, na mahindi yanayokuwa mafupi upande wa juu na marefu upande wa bondeni.

Anayetaka kuona mambo haya yanaweza kufika wapi aende Nyari, kule Marafa, ambako mvua na upepo vimeuchonga mchanga wa rangi mbalimbali hadi likawa bonde la minara, na wageni hulipa kiingilio kulitazama. Ile ni kazi ya maumbile ya miaka mingi mno wala si kosa la mkulima yeyote, lakini mchanga wa makonde mengi ya jirani ni jamaa wa ule, na huyeyuka kwa wepesi uleule.

Siku moja mvua ikinyesha, vaa koti la mvua, chukua panga na vijiti ishirini hivi, upande hadi mpaka wa juu wa konde. Tazama maji yanaingilia wapi, yanakusanyikia wapi na yanaanzia wapi kukimbia, kisha uchomeke kijiti kila mahali pa namna hiyo. Mara nyingi maji mabaya hayatoki kondeni kabisa. Hutoka kwenye njia ya miguu, barabara au uani kwa jirani. Maji ya barabara hayazuiliki kwa mabua, na mtu asijidanganye katika hilo. Yanahitaji mtaro uliochimbwa kukata juu ya konde na kuyapeleka penye majani, na mtaro huo utangulie kazi nyingine zote.

Hatua ya pili: hesabu ulichonacho na uamue nani ale nini

Konde la mahindi lililotoa magunia 8 ya kilo 90 kwa ekari limetoa kilo 720 za nafaka, na mabua yake makavu pamoja na majani huwa na uzito wa karibu hivyohivyo au zaidi kidogo, tuseme kilo 700 hadi 1,000. Kiasi hicho chote kikibaki mahali pake hufunika takribani theluthi moja ya uso wa ardhi au kupita kidogo. Asilimia 30 ndiyo kiwango cha chini kinachotajwa katika kilimo hifadhi, yaani kilimo cha kuilinda ardhi kwa kuifunika, kwa sababu kuanzia hapo udongo unaopotea hupungua kwa nusu hivi ukilinganishwa na wa ardhi tupu. Kwa maneno mengine, mavuno yetu ya kawaida hutufikisha mlangoni tu, na mbuzi wakila nusu tunarudi nje.

Mbuzi nao wana haki yao, na mwongozo unaomwambia mkulima wa Magarini asiwape mifugo mabua ni mwongozo ulioandikwa na mtu asiye na mbuzi. Suluhu niliyoiona ikifaa ni kulikata bua kwenye kimo cha goti wakati wa kuvuna. Sehemu ya juu yenye majani laini, ambayo ndiyo mifugo huipenda, ipelekwe nyumbani; kisiki cha chini, kigumu na kisicho na utamu, kibaki kimeshikwa na mizizi yake. Kunde na pojo zikatwe usawa wa ardhi na zising'olewe, ili mizizi yenye vifundo ibaki kuushika udongo na kuupa naitrojeni. Majani yake makavu ni chakula bora cha mbuzi kuliko mabua, kwa hiyo yabadilishane: kunde ziende zizini, mabua yabaki kondeni. Mashina ya mbaazi ni kuni, na sioni busara ya kumnyang'anya mwenye jiko. Majani yaliyopukutika yanatosha.

Ugumu mkubwa uko kwa mifugo ya wengine. Kati ya Januari na Machi, kaskazi inapokausha kila kitu, wachungaji husogea na ng'ombe kutoka upande wa Tana wakitafuta malisho, na kwa desturi ya sehemu nyingi konde lililokwisha kuvunwa huwa wazi kwa wote. Mwaka wangu wa kwanza nilikata mabua, nikayapanga kwa safu nzuri zilizonipendeza mwenyewe, kisha nikasafiri siku nne. Niliporudi nilikuta nyayo na samadi. Mzee mmoja jirani alinicheka, akanieleza kwamba bua lililokatwa na kuachwa wazi huhesabiwa malisho, na kwamba ningemwambia mapema angeniwekea neno kwa wachungaji. Tangu hapo nafanya mambo mawili. Naongea na majirani mwezi wa Desemba, kabla mtu hajawa na shida, na kuwaonyesha sehemu wanayoweza kulisha. Halafu nazungushia matawi ya miiba ile robo ya konde iliyoumia zaidi, si konde zima.

Hatua ya tatu: acha moto

Wanaochoma konde mwezi wa Februari au Machi hawafanyi hivyo kwa upumbavu. Moto husafisha kwa siku moja kazi ya wiki mbili, hufukuza nyoka na panya, na majivu huyapa mahindi ya mwaka ule kijani ambacho kila mtu hukiona. Kisichoonekana ni kwamba naitrojeni iliyokuwa ndani ya mabua imeondoka na moshi, na majivu yenyewe, yakiwa mepesi juu ya ardhi tupu, ndiyo mvua ya kwanza huyachukua. Zamani konde lilichomwa, likalimwa misimu michache, kisha likaachwa liote msitu kwa miaka mingi. Moto ule uliendana na mapumziko yale. Leo ardhi imegawanywa, mapumziko hayapo, na moto umebaki peke yake.

Kama kuna magugu mabaya yenye mbegu, au mabua yenye ugonjwa, yakusanye pembeni na uyachome hapo. Konde lisichomwe.

Hatua ya nne: mabua yasimame au yalale?

Hapa ndipo wakulima wengi hukosea, nami nilikosea, kwa sababu kuna maadui wawili na dawa ya mmoja ni chakula cha mwingine.

Adui wa kwanza ni mchwa. Bua lililolazwa ardhini mwezi wa Januari hukutana na mchwa wenye njaa kwa miezi mitatu mizima, na Aprili inapofika utakuta ganda tupu la udongo lenye umbo la bua. Bua lililosimama, ambalo bado limeshikwa na mizizi yake, huliwa polepole zaidi, na zaidi ya hayo hukata upepo wa kaskazi usipeperushe mchanga. Kwa kumwangalia mchwa, basi, shauri ni kuyaacha mabua yamesimama hadi katikati ya Machi na kuyalaza majuma mawili kabla ya mvua.

Adui wa pili ni funza wa mabua, yule anayetoboa mahindi na mtama kutoka ndani. Mahindi yakikauka, funza huyu hujificha ndani ya bua na kulala humo kiangazi chote akingoja mvua, na bua lililosimama ni nyumba yake nzuri. Dawa yake ni jua: mabua yakilazwa ardhini tabaka moja, yasirundikwe, kwa majuma manne ya jua kali la Januari na Februari, joto huwaua wengi wao ndani kwa ndani.

Usiamue kwa kukisia. Mara baada ya kuvuna mahindi ya vuli, kata mabua 20 kutoka pembe tofauti za konde na uyapasue kwa kisu kuanzia chini hadi juu. Funza ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mwenye madoa mgongoni na kichwa cha hudhurungi, na njia yake ndani ya bua huonekana kama mfereji uliojaa unga wa kinyesi. Ukikuta funza hai katika mabua mawili, moja au hakuna kabisa, yaache mabua yasimame. Ukiwakuta katika matatu au zaidi, yalaze yote yapate jua, ukubali kwamba mchwa watachukua sehemu yao, na ujaze pengo kwa makuti na majani kutoka shambani. Kiwango hicho cha matatu nimekiweka mwenyewe kwa kuangalia konde langu, na mwenye konde lingine anaweza kukipandisha au kukishusha.

Mchwa, tuwape haki yao, si hasara tupu. Wanapochukua bua chini huacha mashimo ambayo maji hupitia, na wakiwa na kitu kikavu cha kula huwa hawana haraka na mahindi mabichi. Hatari huja mabaki yanapokwisha katikati ya msimu.

Hatua ya tano: tafuta mstari wa maji

Mabua yaliyopangwa kufuata mteremko ni mfereji, na yaliyopangwa kuukata ni ukuta. Tofauti iko katika kipimo, na jicho peke yake halifai, hasa kwenye miteremko yetu midogo inayodanganya. Tengeneza fremu ya A kwa fito tatu. Mbili ziwe za mita 2, zifungwe pamoja juu na kupanuliwa chini hadi miguu iachane kwa mita 2 hivi. Ya tatu ifungwe katikati kama kipingo cha herufi yenyewe. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, uzi upite mbele ya kipingo.

Fremu lazima ifundishwe kabla ya kutumiwa. Isimamishe popote, weka alama ardhini miguu ilipo, na uandike kwa kisu mahali uzi unapogusa kipingo. Kisha igeuze, mguu wa kushoto ukae mahali pa wa kulia na wa kulia mahali pa wa kushoto, uandike alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa, na uzi unapoigusa ujue miguu yote miwili iko kimo kimoja. Fanya hivyo asubuhi mapema au siku isiyo na upepo, kwa sababu upepo ukivuma jiwe hucheza na mtu hukata tamaa.

Anzia karibu na mpaka wa juu, si chini. Maji yanayozuiwa juu yakiwa bado machache hayana nguvu. Ukianzia chini utakutana nayo yamekwisha kuwa mengi. Tembeza fremu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukizunguka kutafuta usawa, na uchomeke kijiti kila hatua. Mstari utakaotokea utapinda, na watoto watakucheka kwamba umelima kama nyoka. Upinde huo ndio sura ya ardhi yako. Mstari unaofuata uwe hatua 10 hadi 12 chini yake penye mteremko mdogo, na hatua 5 au 6 penye mteremko mkali.

Hatua ya sita: jenga safu, kisha utandaze

Katika majuma mawili ya mwisho wa Machi, chimba kwa jembe mfereji mdogo sana kwenye kila mstari, kina cha vidole vinne, na udongo wake uuweke upande wa juu. Laza mabua magumu ndani yake kwa urefu, yakifuata mstari, ncha ya bua moja ikipanda juu ya shina la lingine ili pasiwe na pengo. Endelea hadi safu iwe na upana wa nusu mita na kimo cha sentimita 30 hivi, kisha uikanyage. Kukanyaga si jambo la kupamba. Safu isiyokanyagwa hukaa juu ya ardhi kama daraja, na maji hupita chini yake kwa raha. Chomeka vigingi upande wa chini kila hatua moja, halafu usukume ule udongo wa mfereji uegemee safu kutoka juu ili uzibe.

Ncha mbili za kila safu zikunjwe kidogo kuelekea juu, kama ncha za mwezi mwandamo. Safu yangu ya kwanza niliimalizia imenyooka bila kuikunja ncha, nayo ilifanya kazi vizuri kwa muda wa saa moja: maji yalisimama nyuma yake, yakajaa, yakatafuta ukingo, yakazunguka, na pale pembeni yakachimba mfereji ambao nilikuwa nikiujaza misimu miwili. Kwa safu zenye mwanya wa kati matokeo ni hayohayo, ila korongo huwa katikati ya konde.

Wako watakaouliza kwa nini tusichimbe matuta ya fanya juu, yaani ya kutupa udongo wa mtaro upande wa juu, yale ya Ukambani, ambayo jina lake hilo la Kiswahili limeingia hata katika maandishi ya kilimo ya nchi nyingine. Matuta hayo ni mazuri, na penye udongo unaoshikamana nayapendekeza. Kwenye mchanga wetu tuta jipya lisilo na majani huporomoka kwa mvua moja, na kazi ya kulichimba ni kubwa. Safu ya mabua ni rahisi kutengeneza, hupitisha maji huku ikiuzuia udongo, na udongo ukijikusanya juu yake kwa misimu miwili mitatu tuta hujijenga lenyewe. Hapo ndipo upande nyasi za vetiva au mstari wa mbaazi kwenye ukingo wake, na kila mwaka uongeze mabua palepale. Safu zisihamishwe.

Mabaki yaliyosalia baada ya safu ndiyo ya kutandaza. Anza na mahali ulipochomeka vile vijiti siku ya mvua, kisha vipande vyenye ukoko mgumu, kisha ukanda wa juu wa konde. Sehemu ya chini iwe ya mwisho, hata kama haitapata kitu.

Ili kujua kama umefunika vya kutosha, chukua kamba ya makumbi ya mita 10 na uifunge vifundo 50, kimoja kila sentimita 20. Itandike kimshazari kuvuka safu za upandaji, usiifuate mistari, na utembee ukitazama kila kifundo kutoka juu kwa wima: kama chini yake kuna bua au jani, hesabu moja. Zidisha jumla kwa mbili upate asilimia. Rudia mahali patatu na utafute wastani. Vifundo 15 kati ya 50 ni asilimia 30, nacho ndicho kiwango unachokitafuta kwenye vile vipande ulivyovichagua.

Tahadhari moja ya mikono: rundo la mabua lililolala mwezi mmoja huwa makao ya bafe, yule nyoka mnene mwenye sumu. Ligonge kwa fimbo ndefu na ulivute kuelekea kwako kwa reki, usiingize mkono.

Hatua ya saba: panda bila kufunua

Konde lililofunikwa halilimwi lote. Sogeza mabua kwa mguu mahali pa shimo tu, chimba shimo lenye upana wa jembe na kina cha sentimita 15, tia viganja viwili vya samadi iliyooza, rudisha udongo, panda, na uache uwazi wa kiganja kimoja kuzunguka mche ili mabua yasiuguse na kuwa ngazi ya mchwa.

Majuma matatu au manne baadaye mahindi huenda yakawa na rangi ya njano, na hapo ndipo wengi hukasirika na kuyaondoa mabua. Sababu yake ni hii: bua la mahindi lina kaboni nyingi sana kwa naitrojeni kidogo, kama sehemu 60 kwa 1, na vijidudu vinavyoliozesha huazima naitrojeni ya udongoni ili vifanye kazi yao. Tatizo ni dogo mabua yakiwa juu ya ardhi, na ni kubwa mno yakizikwa muda mfupi kabla ya kupanda, kwa hiyo usiyazike. Samadi ile ya shimoni hupunguza makali. Mwenye uwezo aongeze kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya CAN kwa kila shimo mahindi yanapofika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Kunde zikipandwa katikati ya mistari husaidia zaidi ya yote kwa gharama ndogo, kwa kuwa hufunika ardhi zikiwa hai wakati mabua yanaendelea kuisha.

Mabaki ya shambani, na yale yasiyofaa

Makumbi hushika maji kama sifongo na yana potashi nyingi. Yapange kuzunguka mnazi au kwenye safu, yakiwa yamefunikwa kifudifudi ili maji yasituame ndani na kuzalisha mbu. Makuti mazuri yana bei yake kwa waezekaji wa Malindi na Watamu, kwa hiyo tumia yaliyochanika. Ila usirundike magogo ya minazi na takataka zinazooza kwa unene karibu na minazi hai, kwa sababu humo ndimo chonga, yule mdudu mwenye pembe, hutagia mayai. Chini ya mkorosho usifagie wala usichome mwaka mzima. Wakati wa kuokota korosho fagia duara dogo, kisha urudishe majani.

Mabaki ya pamba, kwa wale wa Mpeketoni na Hindi upande wa Lamu wanaoilima, hayaingii katika mpango huu. Mashina ya pamba yang'olewe na kuteketezwa baada ya mavuno kwa sababu hulea funza wa vitumba kutoka msimu hadi msimu. Vijiti vya mihogo yenye batobato au michirizi ya kahawia navyo visitandazwe, maana huchipua na kuendeleza ugonjwa. Mabua yenye ukungu yasiwekwe kwenye njugu.

Penye vijito vilivyokwisha kuchimbika hadi kina cha shubiri moja, funga mabua matita ya unene wa paja, uyalaze kuvuka kijito na kuyakandamiza kwa vigingi, tita moja kila hatua tatu, kuanzia juu. Korongo la kimo cha mtu halizibwi kwa mabua makavu, kwa kuwa mvua moja huyapeleka yote mtoni. Hapo panda vijiti hai vya miti kama mbono kaburi au gilirisidia kwa kubanana kuvuka sakafu ya korongo, na matita yawekwe nyuma yake vikishashika mizizi.

Wakati wa mvua na baada yake

Kabla ya Aprili, pigilia vipande sita vya nondo kondeni, vitatu kati ya safu na vitatu karibu na safu upande wa juu, kila kimoja kikibaki sentimita 10 juu ya ardhi. Mvua tatu za kwanza tembelea safu zote ungali na jembe mkononi. Pengo la kiganja likizibwa siku hiyohiyo ni kazi ya dakika tano. Hata hivyo mvua za ajabu kama zile za El Nino za 1997 au za mwishoni mwa 2023 zitapita juu ya safu yoyote, na baada yake kazi ni kurudisha kilichobaki mahali pake.

Mwezi wa Julai pima nondo kwa rula. Zile zilizo nyuma ya safu zitakuwa zimezama, na zilizo kati ya safu zitakuwa zimefunuka kidogo. Zilizo kati zikiwa zimefunuka zaidi ya sentimita 1, mwanya ni mkubwa mno: ongeza safu moja katikati yake kabla ya vuli ya Oktoba, na mabua yake uyatoe sehemu ya chini ya konde, ambako mchanga umekwisha kujikusanya na hayahitajiki sana.